UZI: Autibodi, shafti, stendraivu au jeti? Tuchambue kinachosukuma boti, tuache ushabiki wa kava

Tezi na Omo (mleta uzi)

Wakuu, salamu.

Mtu akiuliza mashine gani inafaa kwa boti yake, majibu huwa ni yale yale. Huyu anataja Yamaha, yule Mercury, wa tatu Suzuki, watu wanaanza kurushiana maneno, na mwuliza swali anaondoka mikono mitupu. Kwenye uzi huu naomba majina ya kampuni tuyaweke pembeni kidogo. Nataka tuangalie njia ambayo nguvu inapita kutoka kwenye injini mpaka kufika majini, kwa sababu mafuta mengi yanapotelea njiani humo. Hp 150 (nguvu za farasi) ni hp 150, lakini zifunge kwenye shafti, kisha kwenye mguu wa nyuma, kisha kwenye jeti, uone kama hujapata boti tatu zisizofanana hata kwa tabia.

Kuna jambo moja la kushika kwanza. Boti inakwenda mbele kwa sababu imetupa maji nyuma. Msukumo ule ule unaweza kuupata kwa kutupa maji mengi polepole, au maji machache kwa kasi kubwa. Ila nguvu inayobaki kwenye maji uliyoyatupa inakua kwa mraba wa kasi yake. Ukiyatupa kwa kasi mara mbili, kila kilo ya maji imeondoka na nishati mara nne, na hiyo nishati haikusogezi popote, inabaki nyuma yako ikichemka povu. Ndiyo maana propela kubwa inayozunguka taratibu humshinda mdogo wake anayepiga kelele, hasa kwa boti nzito.

Sasa mtu atauliza, kwa nini basi kila boti isifungwe propela kubwa? Kwa sababu propela kubwa inataka kina, inataka nafasi chini ya bodi, inataka gia ya kupunguza mizunguko, na boti ikianza kukimbia vyuma vyote vinavyoishikilia vinageuka breki. Kwa hiyo mifumo yote tutakayoitaja hapa inahangaika na maswali yale yale: propela iwe kubwa kiasi gani, ikae wapi, na ielekee wapi.

Ubishi huu si wa leo. Mwaka 1845 jeshi la majini la Uingereza lilizifunga meli mbili tezi kwa tezi, yaani nyuma kwa nyuma, Rattler yenye propela na Alecto yenye magurudumu ya pembeni, kila moja ikavuta upande wake. Rattler ikaiburuta Alecto kinyumenyume kwa zaidi ya noti 2 (maili za bahari kwa saa) huku magurudumu ya mwenzake yakizunguka kwa nguvu zote. Rattler ilikuwa na nguvu ya injini zaidi, kwa hiyo si jaribio la haki kabisa, lakini picha ilieleweka.

Naanza na shafti kwa sababu ndiyo baba yao.

Injini imekaa ndani, katikati au nyuma kidogo, chini kabisa ambako uzito unaisaidia boti kutulia. Nyuma yake geaboksi, halafu shafti inashuka kwa mteremko kupita kwenye bodi, inatokea nje, inashikwa na beringi, mwisho propela, na nyuma ya propela usukani. Vyote vinaonekana kwa macho na karibu vyote vinatengenezeka na fundi mwenye mashine ya kukereza chuma. Ukiweka dizeli tulivu na ukaitunza, unaweza kuirithisha.

Udhaifu wake ni ule mteremko. Shafti nyingi zimelala kwa nyuzi 8 hadi 15, hivyo propela haisukumi moja kwa moja nyuma; sehemu ya msukumo inakwenda kunyanyua tezi. Kwa boti ya noti 7 hutalihisi hilo. Kwa boti ya noti 30, mteremko ukijumlisha na shafti, vishikio na usukani vinavyoburutwa majini, unaanza kulilipia kila saa.

Halafu kuna kuegesha. Usukani wa shafti unafanya kazi vizuri pale tu propela inapoupigia maji. Ukirudi nyuma, maji hayo hayapo, na kama propela yako ni ya mkono wa kulia (ukiitazama kutoka nyuma, boti ikienda mbele, inazunguka kulia), tezi itavutwa kushoto utake usitake. Nahodha anayeijua boti yake huitumia tabia hiyo: anakuja gatini kwa ubavu wa kushoto, anapiga riversi fupi, na tezi inajisogeza yenyewe. Asiyeijua anapambana nayo mbele za watu.


Fundi Ngamani

Mkuu umeanza vizuri. Niongeze mawili ya shafti kwa sababu ndiyo ninayoyashika kila siku.

La kwanza, pale shafti inapotokea nje. Zile za mtindo wa zamani zenye kamba ya grisi zinatakiwa kudondosha matone machache kwa dakika shafti ikizunguka. Watu wakiona tone wanakimbilia spana, wanakaza mpaka pakauke. Matokeo yake ile kamba inaungua na kuila shafti mpaka iwe na mfereji. Weka kiganja hapo baada ya safari: pawe na uvuguvugu tu. Kama huwezi kuacha mkono, umekaza mno. Maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini ndani ya boti, yanapigwa na pampu, usiogope tone.

La pili, kunyoosha injini na shafti. Usinyooshe boti ikiwa nchi kavu halafu ukasema umemaliza. Bodi ikikaa kwenye magogo ina umbo lake, ikielea ina lingine. Shusha majini, iache itulie hata siku nzima, ndipo ufungue boliti za kiungo, usogeze nyuso mbili zikutane, na upime mwanya kwa karatasi za chuma, juu, chini, kushoto, kulia. Kwa kiungo cha inchi 4 tofauti isizidi karibu milimita 0.1. Mitetemo mingi inayosingiziwa propela inatokea hapo.


Tezi na Omo (mleta uzi)

Fundi, hiyo ya kiganja ningeibandika ukutani. Twende autibodi.

Mashine za kupachika zilikuwepo kabla yake, lakini Ole Evinrude ndiye aliyezifanya kuwa biashara, Marekani, kuanzia 1909. Wazo lake halijabadilika: injini, gia, propela na usukani, vyote kwenye mkono mmoja, unavipachika kwenye ubao wa nyuma na kuvitoa ukitaka. Hakuna tundu chini ya maji kwenye bodi. Ndani ya boti kunabaki peupe. Ukifika majini mafupi unanyanyua mguu. Ikiharibika vibaya, inatolewa na nyingine inakaa mahali pake siku hiyo hiyo.

Raha yake kubwa kwa boti ya kukimbia ni kwamba unasukuma na kuelekeza kwa kitu kimoja. Propela yenyewe inageuka, hakuna usukani wa pembeni wa kuburuta. Na trimu inakuruhusu kubadili pembe ya msukumo ukiwa safarini: ndani wakati wa kuinuka, nje kidogo boti ikishalala juu ya maji, ndani tena ukikuta mawimbi ya mbele. Kwenye shafti ile pembe ulipewa siku boti ilipojengwa, ndiyo hiyo mpaka kiama.

Sasa matatizo. Uzito wote uko nyuma kabisa na juu. Mashine za kisasa za mipigo minne (4-stroke) ni nzito kuliko zile za mipigo miwili (2-stroke) ambazo boti nyingi za zamani zilichorewa, kwa hiyo ukibadilisha bila kufikiri, tezi inakaa chini na matundu ya kutolea maji ya sitaha yanaanza kuingiza. Upande wa mafuta, mashine za mipigo miwili za kabureta zinaweza kutupa hata robo ya petroli bila kuungua, inatoka na moshi. Zina sifa zao, ni nyepesi na fundi yeyote anazijua, lakini robo ya tangi ni robo ya tangi.

Kingine kinachopuuzwa ni kimo cha kupachika. Ubao wa nyuma huja kwa vipimo vya inchi 15, 20 au 25, na mashine nayo huja na mguu wa kulingana. Lile bapa lililo juu ya propela linatakiwa kuwa usawa na chini ya bodi au karibu yake. Likizama sana unaburuta chuma bure na maji yanaruka kama chemchemi nyuma. Likiwa juu sana propela inavuta hewa kila ukikata kona: mizunguko inapaa, boti inalegea. Watu wanabadilisha propela tatu kabla ya kugundua kwamba mashine ilitakiwa kushushwa tundu moja la boliti.


Kasia Moja

Wakuu, mimi ni mgeni wa mambo haya. Nina boti ya fibre ya mita 7 na nusu, nimeshauriwa nitoe autibodi moja ya 200 niweke mbili za 100, eti moja ikifa narudi na nyingine. Ni kweli?


Tezi na Omo (mleta uzi)

Karibu mkuu. Ni kweli nusu.

Mbili za 100 kwa kawaida zina uzito zaidi ya moja ya 200, na unakuwa na miguu miwili inayoburutwa badala ya mmoja. Kwa hiyo hp zile zile, mwendo kidogo chini, mafuta kidogo juu, huduma mara mbili.

Kuhusu kurudi na moja: utarudi, ila kwa mwendo wa konokono. Propela zako zitakuwa zimechaguliwa kwa boti inayosukumwa na mbili. Ikibaki moja, boti haitainuka juu ya maji, mashine itakuwa inasukuma mzigo mkubwa kwa pichi ndefu (pichi ni umbali ambao propela ingesogea kwa mzunguko mmoja) na haitafikia mizunguko yake. Usiilazimishe kwa kufungua yote, utaiua na hiyo. Tembea taratibu.

Na kinachozima mashine baharini mara nyingi ni maji kwenye petroli, au betri. Kama mbili zinanyonya tangi moja kupitia kichujio kimoja na kuwashwa na betri moja, zitakufa pamoja dakika moja baada ya nyingine. Ukitaka usalama wa mbili, zitenganishe kuanzia tangini. La sivyo, moja nzuri na kijimashine kidogo cha dharura chenye tangi lake kinakutosha.


Fundi Ngamani

Na ile kamba ya kuzimia mashine ivaliwe mguuni au mkononi, isininginie kwenye dashibodi kama pambo. Marekani tangu Aprili 2021 ni sheria kwa boti nyingi za chini ya futi 26. Boti isiyo na mtu huzunguka duara, na aliyeanguka yuko ndani ya lile duara.


Tezi na Omo (mleta uzi)

Umenena. Sasa stendraivu: injini ndani, mguu nje.

Volvo Penta waliitoa kibiashara mwaka 1959 kwa jina la Aquamatic, na MerCruiser wakafuata 1961. Wazo lilikuwa la kijanja. Chukua injini kubwa ya ndani, hata dizeli, ibane kwenye ubao wa nyuma, halafu nje yake weka mguu kama wa autibodi unaogeuka na kunyanyuka. Unapata trimu na kona za autibodi pamoja na injini ya ndani iliyofunikwa vizuri. Mwaka 1982 Volvo Penta wakaongeza propela mbili kwenye mguu mmoja zinazozunguka kinyume, ya nyuma ikinyoosha maji yaliyosokotwa na ya mbele. Zinashika maji vizuri sana, na boti haivuti pembeni.

Lakini nikiulizwa binafsi, kwa boti inayolala kwenye maji ya chumvi siku zote, stendraivu ndiyo ya mwisho kwenye orodha yangu. Nguvu inatoka kwenye injini, inapinda kwenda chini, inapinda tena kwenda nyuma, na katikati kuna viungo vinavyozunguka ndani ya mpira wa mikunjo ulio usawa wa maji au chini yake. Mpira ule unazeeka kimyakimya. Ukipasuka, maji yanafika kwenye viungo na beringi, na ukikosa bahati yanaingia ndani ya boti iliyofungwa gatini bila mtu. Juu ya hayo, mguu wa aluminiamu unaolala majini karibu na propela ya chuma cha pua ni karamu ya kutu. Zinki zake, vile vipande vinavyoliwa na kutu badala ya mguu, usizikose, na ukitumia maji baridi ya ziwa basi weka za magnesi, kwa sababu zinki huko hulala usingizi.

Kwa boti inayotolewa majini kila baada ya safari ni habari nyingine, pale stendraivu ya dizeli inakula mafuta kidogo kuliko autibodi nyingi.


Maji Mafupi

Mleta uzi naona unaikwepa jeti, ile pampu inayonyonya maji chini ya boti na kuyatema nyuma, ngoja niitetee mimi. Natembea kwenye mito yenye mawe na mchanga, na propela hapa ni chakula cha mawe.

Jeti ya kisasa tunamshukuru William Hamilton wa New Zealand, miaka ya mwanzo ya 1950. Mito ya kwao ilikuwa na kina kisichofika goti. Mashine yake ya kwanza ilitema maji chini ya boti na haikwenda popote pa kusifia. Alipoupandisha mdomo wa kutemea juu ya usawa wa maji, mwendo ukaruka. Mwaka 1960 boti zake zikaupanda mto Colorado kwenda juu, kinyume cha maji, kupitia Grand Canyon. Hebu niambie propela gani ingefanya hivyo.

Chini ya bodi hakuna kinachoning'inia. Ukiwa juu ya maji unahitaji sentimita chache tu za kina. Mtu akiwa majini karibu yako hakuna visu vinavyozunguka, ndiyo maana waokoaji wanaipenda. Riversi yake ni bakuli linaloshuka na kuyageuza maji kwenda mbele, kwa hiyo unaweza kutoka mwendo wa kasi hadi kusimama bila kuvunja gia, maana hakuna gia ya kuvunja.

Na kuna jambo ambalo wenye propela hawalijui. Jeti haijali boti imebeba nini. Propela ukiipakia mzigo mzito inaikaba injini. Jeti kwa mizunguko ile ile inakula nguvu ile ile, boti iwe tupu au imejaa. Injini haisongwi.


Tezi na Omo (mleta uzi)

Nilikuwa naiachia mwenyewe, Maji Mafupi, na umeisema vizuri. Ila tumalizie upande wa pili kwa faida ya wasomaji.

Jeti inatupa maji machache kwa kasi kubwa. Rudi kwenye lile la mwanzo: kwa mwendo mdogo hiyo ni hasara tupu. Boti ikitembea chini ya noti 20 jeti inakula mafuta vibaya ikilinganishwa na propela. Ikivuka 30 pengo linafifia, kwa sababu haina vyuma vya kuburuta. Kwa hiyo jeti kwenye boti ya mizigo inayojikokota ni kosa la kuchagua, si kosa la jeti.

Na usukani. Jeti inaelekeza kwa kugeuza maji inayoyatema. Ukiachia mafuta, hakuna maji, hakuna usukani. Mtu aliyezoea gari akiona kikwazo anaachia mafuta kwanza halafu anakata kona. Kwenye jeti atakwenda moja kwa moja kwenye hicho kikwazo. Mgeni yeyote akishika usukani wa jeti afundishwe hili kabla ya kuondoka: ongeza mafuta, ndipo ukate.


Maji Mafupi

Hapo sina ubishi. Ongeza na mwani. Nyasi zikiziba wavu wa chini unasimama hapo hapo, unazima, unaingiza mkono kupitia mlango wa ukaguzi, unatoa moja moja. Mchanga nao unakula ile pete inayolizingira panga linalosukuma maji ndani ya jeti. Mwanya ukikua, mizunguko inapanda na msukumo unashuka. Mimi huangalia mizunguko tu: ikihitaji zaidi ya zamani kwa mwendo ule ule, najua pete imeliwa.


Upepo wa Kaskazi

Mbona hamzungumzii umeme? Huko duniani ndiko kunakoelekea.


Tezi na Omo (mleta uzi)

Huko ndiko kulikoanzia pia, mkuu. Gustave Trouvé aliendesha boti kwa mota ya umeme ya kupachika kwenye mto Seine, Paris, mwaka 1881, miaka karibu 30 kabla ya Evinrude. Mota haijawahi kuwa tatizo. Ina nguvu kuanzia mzunguko wa kwanza, inazungusha propela kubwa taratibu, haipigi kelele, na karibu umeme wote unaoipa unafika kwenye shafti.

Tatizo ni tangi. Tupige hesabu ya haraka. Lita moja ya dizeli ina nishati ya karibu kilowati saa 10. Injini nzuri inakupa asilimia 35 hivi kwenye shafti, tuseme 3.5. Lita 100, ambazo ni kama kilo 84, zinakupa 350. Betri za lithiamu zikiwa zimefungwa kamili na kava zake hubeba karibu kilowati saa 0.15 kwa kilo. Ili upate 350 zile zile unabeba zaidi ya tani mbili. Boti ya Kasia Moja ya mita 7 na nusu haitazibeba tani hizo, itazama.

Ila angalia upande wa pili. Boti nyepesi ya mita 5 ikitembea noti 4 inataka kilowati moja hivi. Betri ya kilowati saa 5 inakupeleka asubuhi nzima. Kivuko kifupi kinachorudi gatini kila saa kuchaji, boti ya watalii ziwani, boti ya kuvulia kimya: huko umeme tayari umeshinda. Kukimbia noti 30 kwa saa nne, bado. Mwendo wa boti isiyoinuka unadai nguvu kwa mchemraba, ukipunguza mwendo kwa robo unapunguza nguvu kwa zaidi ya nusu, na hiyo ndiyo siri yote ya mwenye betri.


Kasia Moja

Nimeelewa mengi. Swali: nitajuaje kama propela niliyonayo inafaa, kabla sijakimbilia kununua mashine?


Tezi na Omo (mleta uzi)

Swali zuri kuliko yote ya uzi huu. Unahitaji kipima mizunguko na GPS ya simu.

Kwanza fungua yote, boti ikiwa na mzigo wako wa kawaida, uone mizunguko. Kitabu cha mashine kinakupa kiwango, mfano 5000 hadi 6000. Ukiwa chini yake, pichi ni ndefu mno na unaisonga injini. Ukiwa juu yake, ni fupi. Inchi moja ya pichi hubadilisha mizunguko kama 150 hadi 200.

Kisha pima mtelezo. Tuseme mizunguko 5500, gia 2 kwa 1, propela ya pichi 17. Shafti inazunguka 2750 kwa dakika, na kila mzunguko ungesogea inchi 17 kama maji yangekuwa mbao. Hiyo ni karibu kilomita 71 kwa saa, au noti 38 na nusu. GPS ikisoma 33, umepoteza asilimia 14, uko vizuri. Boti nyepesi za kukimbia hucheza kati ya 10 na 20. Ikisoma 26, usitazame mashine. Tazama mapanga ya propela, kimo cha kupachika, uchafu chini ya bodi, na mzigo uliolundikwa nyuma.


Mvuvi wa Kina

Wakubwa shikamooni. Mimi yangu si ya kukimbia. Ni boti ya mbao, mstari wa maji mita 7 na nusu, ikijaa inafika tani 4. Sasa ina autibodi ya 60, petroli inanimaliza. Nifanyeje?


Tezi na Omo (mleta uzi)

Marahaba mkuu. Wewe ndiye hasa niliyeanzisha uzi kwa ajili yako.

Boti ya umbo hilo ina mwendo wake wa asili. Chukua kipeuo cha pili cha mita 7.5, zidisha kwa 2.43, unapata noti 6.6 hivi. Zaidi ya hapo inajichimbia kwenye wimbi lake yenyewe, na hata ukiifunga hp 200 utainua mawimbi tu. Kufika hapo, tani 4 zinataka hp 18 hivi kwenye shafti. Weka dizeli ya 25 au 30 ili ubaki na akiba ya upepo wa mbele, gia ya kupunguza 2.5 au zaidi, na propela kubwa kadiri nafasi inavyoruhusu.

Kwa makadirio ya mafundi, petroli ya kupachika hula lita 3.8 kwa saa kwa kila hp 10 inazotoa, dizeli lita hizo hizo kwa hp 18 hadi 20. Kazi ile ile, dizeli itakula chini ya lita 4 kwa saa na hiyo ya 60 itakula 7 au zaidi, maana propela yake ndogo ya kukimbia inachapa povu kwa mwendo huo.

Lakini kabla hujachimba tundu la shafti, jibu hili kwa ukweli: boti unaikalisha ufukweni maji yakipwa? Unapita juu ya miamba? Mashine unaibeba nyumbani usiku? Kama ndiyo, usiiache autibodi. Kuna matoleo ya msukumo mkubwa, yenye gia nzito na propela pana, yaliyokusudiwa boti kama yako. Hayafikii shafti kwa mafuta, ila yanakupunguzia machungu na bado unanyanyua mguu.


Mvuvi wa Kina

Inalala kwenye nanga, kina kinatosha, na haibebwi. Nyuma ya mkuku (uti wa mgongo wa boti) nina uwazi wa sentimita 50 kutoka bodi hadi chuma cha chini cha usukani. Propela ya inchi 18 itaingia?


Fundi Ngamani

Haiingii. 18 ni sentimita 45.7, utabaki na 4 za juu na chini kwa pamoja. Kati ya ncha ya propela na bodi acha asilimia 15 ya kipenyo, isipungue kamwe 10, la sivyo kila panga likipita linaipiga bodi ngumi ya maji na misumari ya mbao italegea. Weka inchi 16: juu unaacha 6, chini 3 na kidogo. Chonga pia mbao ya mkuku iliyo mbele ya propela iwe nyembamba nyuma, maji yafike kwenye mapanga yamenyooka. Piga picha ya hapo nyuma uiweke humu, na kipimo cha pembe kutoka vilalio vya injini, nikutajie urefu wa shafti.